Mwaka ulioandikwa mgongoni: shajara ya mradi wa picha za zamani, Mwanza

Juni 2. Kupokea

Mpaka jioni ya leo zimefika picha 212 kutoka kaya tisa za Kirumba, Pasiansi, Igogo na Capri Point, pamoja na bahasha mbili zilizovuka Ziwa Victoria kutoka Ukerewe. Nyingi ni za kati ya miaka ya 1940 na 1980: arusi, ubatizo, wavuvi na samaki wao, meli bandarini, na watu waliosimama mbele ya miamba. Mwanza huwezi kupiga picha mbali na miamba hata ukitaka, na hilo litatusaidia kuliko tulivyotarajia.

Kazi ni kujua kila picha inathibitisha nini na haithibitishi nini. Mwaka ulioandikwa mgongoni ni ushahidi wa aliyeshika kalamu. Picha ina ushahidi wake wa pembeni, na mara nyingi mashahidi hao wawili hawakubaliani.

Kila mwenye picha anapewa hati ya kupokelea yenye nakala mbili: idadi, hali ya kila picha ilipofika (kona iliyokunjika, doa, mchaniko) na siku ya kurudishwa. Tumeweka siku chache tu. Picha ya marehemu ikikaa wiki nzima nje ya nyumba, watu hawalali vizuri, na wana haki. Ruhusa ina ngazi tatu: ibaki kwa familia, itumike na watafiti, au ionyeshwe kwa umma. Tunamwuliza mwenyewe kwa kila picha, si kwa albamu nzima. Katika albamu moja picha nne ni za jamaa waliozama na MV Bukoba, Mei 21, 1996. Hizo zimewekwa ngazi ya kwanza kabla hata hatujauliza, mpaka familia yenyewe iseme vingine.

Namba tunaandika kwa penseli ya 2B, mgongoni, ukingoni kabisa, picha ikiwa imelazwa juu ya kioo ili mkandamizo usitokeze upande wa mbele. Karatasi ya picha yenye utando wa plastiki, iliyoenea kuanzia miaka ya 1970, haishiki penseli. Kwa hiyo namba yake inaandikwa kwenye bahasha, na bahasha iandikwe kabla picha haijaingizwa.

Juni 5. Kuskani

Picha ya sentimita 10 kwa 15 tunaiskani kwa nukta 600 kwa inchi, kwa rangi, biti 16. Inatoa pikseli 2,362 kwa 3,543, na faili ya TIFF (aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha) yenye karibu MB 50. Tukiskani mbele na nyuma kwa picha zote 212, jumla ni karibu GB 21. Picha ndogo za sentimita 6 kwa 9, zile zilizochapwa moja kwa moja kutoka kwenye negativu bila kukuzwa, tunazipandisha hadi nukta 1,200. Negativu zenyewe ni 2,400.

Tumeulizwa kwa nini picha nyeusi na nyeupe inaskaniwa kwa rangi. Ni kwa sababu ya mgongo, na ya umanjano. Wino wa bluu wa kalamu ya kuchovya na wino wa bluu wa bairo ni bluu mbili tofauti. Ukiskani kwa kijivu zinakuwa moja, na hutajua tena kwamba jina liliandikwa siku moja na mwaka ukaongezwa siku nyingine.

Zima kila kitu ambacho skana inajifanyia yenyewe. Kunoa kunatia mistari myeupe kandokando ya watu. Kuondoa vumbi kunafuta ndege waliokuwa angani na nukta za maandishi ya mbali. Kule kuondoa vumbi kwa mionzi ya infraredi hakufai kabisa kwa negativu nyeusi na nyeupe: fedha iliyo kwenye filamu inazuia mionzi hiyo, basi programu inadhani picha yote ni vumbi.

Umeme ulikatika mara mbili leo. Faili tatu zilibaki na ukubwa ule ule wa MB 50, lakini nusu ya chini ni kijivu kitupu. Ukubwa wa faili si dhamana. Sasa kila faili inafunguliwa na kutazamwa mpaka chini, kisha inatengenezewa namba ya uthibitisho ya SHA-256 kabla ya kunakiliwa. Nakala ni tatu: kompyuta, diski ya nje inayolala nyumba nyingine, na moja kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Juni 7. Unyevu

Hapa ndipo ziwa linapotudai. Picha 31 zina ukungu: madoa ya kijivu yenye nyuzinyuzi, yanayonuka kama gunia bichi. Ukungu ukiwa bado una unyevu usiufute, unausambaza na kuusugulia ndani ya dawa ya picha, yaani tabaka la jelatini lililobeba picha. Picha zinakaa siku tatu kwenye sanduku la plastiki lenye silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) iliyokaushwa, juu ya karatasi nyeupe, mbali na zile safi. Zikishakauka ukungu unakuwa unga. Unga unaondolewa nje ya nyumba, kwa brashi laini ya kuchorea, kwa kufuata upepo, barakoa ikiwa usoni.

Picha sita zimeganda kwenye kioo cha fremu. Ni kawaida kwa nyumba za karibu na maji: jasho la usiku linaingia kati ya kioo na picha, jelatini inalegea, ikikauka inashika kioo kama gundi. Usibandue. Wala usiiweke kwenye mvuke kama wengine wanavyoshauri, maana uso wa mtu utabaki kwenye kioo na karatasi tupu mkononi mwako. Skani kioo na picha vikiwa pamoja. Skana zenye sensa ya CCD zinaona vizuri hata milimita kadhaa juu ya meza yake, zenye sensa ya aina nyingine, CIS, zinatoa picha isiyo wazi. Tuliyo nayo ni CCD, na picha zote sita zimetoka.

Kuna pia albamu za miaka ya 1970 na 1980 zenye kurasa za gundi na plastiki juu. Picha zake zinatoka kwa uzi wa kusafishia meno: unaupitisha chini ya kona na kuuvuta taratibu kama anayekata sabuni kwa uzi. Ukiona kona inajikunja, acha, skani ukurasa mzima.

Juni 10. Migongo na karatasi

Siku nzima tumesoma migongo. Muhuri wa studio wenye neno TANZANIA hauwezi kutangulia Oktoba 1964, jina hilo lilipopitishwa. Lakini muhuri wenye TANGANYIKA hauthibitishi kwamba picha ni ya kabla ya hapo, kwa kuwa fundi hatupi muhuri wa mpira kwa sababu nchi imebadili jina. Alama za namna hii zinakwambia "si kabla ya". Ni chache mno zinazokwambia "si baada ya".

Ziwa nalo lina mihuri yake. Magugumaji yakionekana, picha ni ya mwisho wa miaka ya 1980 au baadaye. Sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, ila kwetu alifurika miaka ya 1980, kwa hiyo mvuvi aliyeinua sangara wa kilo 40 hawezi kuwekwa 1960. Herufi E.A.R. & H. ubavuni mwa meli ni za shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, 1948 hadi 1969. Meli ya Victoria ilianza safari 1961. Vizimba vya wanyama kwenye Kisiwa cha Saanane ni vya kuanzia 1964. Jengo kubwa la hospitali juu ya kilima cha Bugando lilifunguliwa 1971, na kilima kikiwa kitupu unajua uko nyuma ya ujenzi huo.

Kifaa kimoja cha bei nafuu kimetufaa sana: tochi ya kukagulia noti, ile ya mwanga wa zambarau waliyo nayo wenye maduka. Karatasi za picha zilianza kutiwa kemikali ya kung'arisha weupe mwanzoni mwa miaka ya 1950. Zima taa, mulika mgongo na ukingo mweupe. Ukiwaka bluu-nyeupe kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga, karatasi si ya kabla ya hapo. Angalizo: tochi inaipa umri karatasi. Negativu inaweza kuwa ya 1938 na picha ikasafishwa 1962.

Picha 014-03 iliwaka. Ndiyo iliyotushughulisha tangu leo mpaka mwisho. Watu sita wamesimama mbele ya mwamba ufukweni, maji nyuma yao, mama mmoja amebeba mtoto. Kingo za karatasi zimekatwa kwa mawimbi, kama ilivyokuwa fasheni ya miaka ile. Mgongoni, kwa bairo: *Sherehe za Uhuru, 1963.*

Uhuru ulikuwa Desemba 9, 1961. Labda ni maadhimisho ya mwaka wa pili, jambo linalowezekana. Tumeandika kama lilivyoandikwa, bila kusahihisha.

Juni 13 na 14. Kutafuta ilipokuwa kamera

Namna ya kurudi mahali pa mpiga picha ni hii. Chapisha picha ya zamani kwa ukubwa wa A4. Chagua jozi mbili za kingo: katika kila jozi kitu kimoja kiwe karibu na kingine mbali, kwa mfano ncha ya jiwe la mbele na bega la kilima cha ng'ambo. Simama ufukweni. Nenda kushoto na kulia mpaka nafasi iliyo kati ya ncha na bega ilingane na ya kwenye karatasi. Kisha songa mbele na nyuma mpaka jozi ya pili ilingane. Rudia, maana kila moja inavuruga nyingine kidogo. Mwisho ni kimo. Kamera nyingi za sanduku zilishikwa tumboni na kutazamwa kwa juu, kwa hiyo jicho la kamera lilikuwa mita moja au zaidi kidogo kutoka chini. Anayetafuta akiwa wima atakosea siku nzima.

Usihangaike na lenzi. Umbo la vitu linaamuliwa na mahali uliposimama. Lenzi inaamua tu kiasi kinachoingia, na hicho utakikata baadaye.

Itale ya Mwanza ni msaada mkubwa, kwa sababu nyumba hubomolewa na miti hukatwa, lakini mwamba wenye ukubwa wa nyumba haujahama. Hata hivyo kagua. Miamba mingi midogo imechomwa moto na kupasuliwa kuwa kokoto, na mingine imevuliwa ganda. Jiwe lenye uso mweupe wenye kingo kali halistahili kuwa alama.

Siku mbili, kutoka kivuko cha Kamanga na Jiwe la Bismarck tukizunguka Capri Point, hatukupata mahali pa 014-03. Kuna mwamba mmoja unaofanana kwa umbo la juu, lakini ufa wake mkubwa unashuka kuelekea kulia, na kwenye picha unashuka kuelekea kushoto. Tuliuacha.

Kwa watakaofanya kazi hii: msiingie majini miguu mitupu kutafuta pembe nzuri. Kichocho kipo kando yote hii. Buti za mpira, au mtumbwi na jaketi za kuokoa maisha.

Juni 16. Kanga

Picha ilikuwa imegeuzwa.

Tulikuza sehemu ya mama aliyebeba mtoto. Chini ya mkono wake kuna ukanda wa jina la kanga, umekunjamana, herufi chache tu zinaonekana. Kwa macho ya kawaida zilizojitokeza ni A, O na Y, ambazo ukizigeuza hubaki zilivyo, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Kwenye skani ya nukta 1,200 zikajitokeza nyingine, zikiwemo N na J zilizoelekea kinyume. Tulipogeuza faili ikasomeka ENYEJI APO, na hakuna Mswahili anayehitaji kuonyeshwa herufi zilizobaki. *Mgeni njoo, mwenyeji apone.*

Dalili nyingine zilikuwepo tukazipita. Mzee wa katikati ana saa kwenye mkono wa kulia, tukasema labda ni mashoto. Vifungo vya shati lake viko upande wa kushoto wake, na mashati ya kiume hushonewa vifungo kulia. Dalili moja ina maelezo yake, ila zikifika mbili inabidi kusimama.

Sababu ni ya chumba cha giza. Negativu ina upande unaong'aa na upande wa dawa usiong'aa. Fundi akiiweka kinyume kwenye mashine ya kukuzia, picha inatoka safi kabisa, kushoto kikiwa kulia. Kwenye negativu utagundua kwa maandishi ya ukingoni. Kwenye picha iliyosafishwa huna msaada ila maandishi ndani ya picha, nguo, saa na mandhari. Tangu leo kila picha inapitishwa kwenye ukaguzi wa kugeuka kabla ya jambo lingine lolote, na kati ya 212 tumeshapata tatu. Faili kuu ya TIFF haiguswi. Iliyonyooshwa inahifadhiwa kando ikiwa na herufi G mwishoni mwa namba.

Juni 18. Mahali

Kwa picha iliyonyooshwa, dakika 40. Ni ule ule mwamba tuliouacha, upande wa magharibi wa Capri Point. Jozi zote mbili za kingo zimelingana, kamera ikiwa mita 1.1 kutoka ardhini. GPS ya simu hukosea mita tano hivi, kwa hiyo tumepima pia kwa tepu kutoka nyufa tatu za miamba na kuchora ramani ndogo. Hatukupaka rangi jiwe lolote.

Kamera inatazama magharibi, ziwani. Hapo vivuli vikaanza kusema. Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, na upande wa kusini miezi mingine. Kwa anayetazama magharibi, kusini ni mkono wa kushoto. Katika picha iliyonyooshwa vivuli vinaangukia kushoto, yaani kusini, bila kuja kwa kamera wala kwenda majini, basi ni karibu na adhuhuri ya jua (ambayo hapa huwa saa saba kasorobo hivi, si saa sita). Urefu wa vivuli ni karibu nusu ya kimo cha watu. Juni 21 kivuli cha adhuhuri hapa ni asilimia 49 ya kimo.

Kwa hiyo ni Juni, au wiki chache kabla au baada yake. Na tazama hatari iliyokuwepo: katika picha iliyogeuzwa vivuli vilionekana kwenda kaskazini, kama vya Desemba. Kosa la fundi lingeyathibitisha maandishi ya mgongoni, nasi tungefurahi.

Juni 20. Maji

Asubuhi, saa moja, kabla upepo haujaanza. Ufito wa mita 2, uliopakwa nyekundu na nyeupe kila sentimita 10, umesimamishwa kwenye uso wa mwamba kutoka mtumbwini, kamera ikiwa pale pale pa Juni 18.

Katika picha ya leo ufito wa milimita 2,000 unachukua pikseli 388, yaani milimita 5.15 kwa pikseli. Picha ya zamani tuliilaza juu ya ya leo kwa nyufa tatu mpaka zikalingana. Mstari wa maji wa zamani uko pikseli 371 chini ya wa leo: mita 1.91. Mstari wenyewe una ukungu wa pikseli 20, sawa na sentimita 10, na mawimbi yanaongeza tano. Tunaandika mita 1.9, kosa sentimita 15. Anayeandika mita 1.91 anadanganya kwa tarakimu.

Mvua za mwishoni mwa 1961 zililiinua ziwa hili zaidi ya mita 2 mpaka kilele cha Mei 1964, na lilikaa juu miaka mingi. Juni 1963 watu hawa sita wangekuwa wamesimama majini. Lakini ziwa peke yake halitoshi kuitia picha mwaka, kwa kuwa lilishuka sana tena 2005 na 2006 kabla ya kupanda hadi alama ya 2020. Kinachoondoa uwezekano huo ni karatasi ya nyuzi yenye kingo za mawimbi na kukosekana kwa utando wa plastiki. Ushahidi wa maji unahitaji kushikwa mkono na ushahidi wa karatasi.

Alama nyeupe zilizo kwenye miamba si zote za maji. Nyingi ni kinyesi cha minandi. Alama ya maji ni ya mlalo na inaonekana kwenye kila jiwe kwa kimo kimoja.

Juni 24. Kuuliza wenye kumbukumbu

Utaratibu: nakala ya A4, isiyo na maandishi ya mgongoni, mwangaza wa dirishani. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, swali la kwanza ni "Unaona nini hapa?" na si "Huyu ni nani?" Ukianza na jina, mtu anajiona yuko kwenye mtihani na atatoa jina lolote ili asikuangushe. Mashahidi wawili, nyumba tofauti, siku moja kama inawezekana, kabla hawajapigiana simu.

Bibi wa Pasiansi aliweka kidole juu ya mtoto kabla hatujamaliza kuketi. "Huyu ndiye kifungua mimba wetu." Alisema walikuwa wakimsindikiza shemeji yake aliyekuwa anapanda meli kwenda Kisumu. Babu wa Ukerewe aliwataja watu watano kati ya sita kwa majina yale yale, ila kwake siku hiyo ni sikukuu ya Petro na Paulo. Sikukuu hiyo ni Juni 29. Mtu anaweza kusafiri siku ya sikukuu, na inawezekana pia mmoja wao anachanganya siku mbili. Maelezo yote mawili yameandikwa, kila moja na mwenyewe.

Mwaka hatukuuliza. Tuliuliza mtoto alikuwa ameanza kutembea? Bado, alikuwa anashika kuta. Kadi yake ya ubatizo ipo sandukuni: Septemba 1956, akiwa wa wiki tatu. Mtoto anayeshika kuta ana miezi tisa au kumi. Juni 1957.

Aliyeandika mgongoni ni mtoto mwingine wa nyumba hiyo, miaka mingi baadaye, alipokuwa anapanga albamu. Alikuwa mdogo sana wakati wa Uhuru, na ile ndiyo picha pekee ya watu wa kwao wakiwa wamevaa vizuri. Alichoandika kinabaki kwenye kadi, mstari wake wenyewe, kwa sababu nacho ni habari: kinatuambia nyumba hiyo ilitaka kuikumbuka siku ile kwa sura gani.

Juni 27. Redio moja, familia nne

Kwenye picha za studio tumeona redio ile ile, yenye ufa ule ule kona ya chini, katika picha za familia nne zisizojuana. Ni ya studio. Vivyo hivyo miwani myeusi, koti moja lenye mabega mapana, na pazia lililochorwa ngazi na bustani. Picha hizo hazithibitishi kwamba mtu alimiliki redio. Zinathibitisha kwamba alitaka kuonekana nayo, na hilo ni historia kamili kwa haki yake. Tumeanza orodha ya vifaa vya studio: kila kifaa, ufa wake, na namba za picha kilimoonekana. Pazia likichakaa mkunjo unaongezeka, na kwa mikunjo hiyo tumeweza kuzipanga picha 17 kwa kufuatana bila tarehe hata moja.

Rangi za kanga na vitenge tusizisome kwenye picha za zamani. Filamu za awali hazikuona nyekundu: kanga nyekundu ilitoka nyeusi, bluu ikatoka karibu nyeupe. Kijana mmoja alileta picha ya bibi yake iliyotiwa rangi na programu ya simu, na uso ukanolewa. Ilikuwa nzuri kutazama, na kanga imekuwa ya kijani. Kijani hicho kimebuniwa na programu, na kope za macho pia. Tumemwomba ile ya awali tukaiskani. Ya simu tumeiacha nje ya mkusanyo.

Juni 30. Picha za Wajerumani

Kwa kipindi cha kabla ya 1916, Waingereza walipouchukua mji, picha za nyumbani ni adimu. Hifadhi ya picha za kikoloni ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina takriban picha 55,000 zilizowekwa mtandaoni. Tafuta *Muansa*, maana ndivyo walivyoandika. Ukiandika Mwanza utakosa nyingi.

Zina mandhari ya ufuko ambayo njia ya jozi za kingo inaweza kuifanyia kazi, na tumechagua kumi za kuanzia. Za watu zinahitaji tahadhari ya namna nyingine. Jina la afisa limeandikwa. Aliyesimama kando yake ameandikwa kabila au kazi tu: mpagazi, mwanamke, askari. Kwenye kadi zetu nafasi ya jina haifutwi kwa sababu Mjerumani hakuiandika. Inabaki wazi, na picha zitapelekwa Ukerewe na Bukumbi zitazamwe. Postikadi za rangi zilipakwa rangi huko zilikochapwa, na aliyepaka hakuwa ameliona ziwa.

Julai 3. Kadi ya 014-03 na kurudisha

Kadi imefungwa hivi: mahali, hakika. Kugeuka, hakika. Mwezi, inaelekea, Juni. Mwaka, inaelekea, 1957. Tukio, maelezo mawili. Maandishi ya mgongoni, kama yalivyo. Mpiga picha, wazi.

Picha yenyewe ilikwisha kurudi Pasiansi. Leo tumepeleka nakala iliyonyooshwa, sentimita 20 kwa 30. Bibi ameiweka ukutani kando ya ile ya zamani, hakutaka kuiondoa. Akatuonyesha mkono wa mumewe: "Sasa saa iko mkono wake."

Zimebaki picha 38 ambazo hazijapita ukaguzi wa kugeuka, na kumi za Frankfurt zinasubiri siku isiyo na upepo.